Nafasi Moja ya Nairobi

Jillo ndiye aliyemfundisha Deqa kushika bisibisi, siku alipofika na diploma yake mpya katika karakana ya kompyuta ya Bwana Kirigia, mtaani Bulla Pesa. Kwa hiyo ilipotokea nafasi moja Nairobi, mafunzo ya wahandisi kuhusu NVMe, utaratibu mpya wa kompyuta kuzungumza na diski zake, Jillo alinyoa nywele kabisa, akijua safari ni yake. Kirigia akamtaja Deqa.

"Hongera," Jillo alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Wiki nzima alichungulia kwenye simu picha za Deqa akicheka na wahandisi wa kampuni kubwa. Mteja akimuulizia Deqa, Jillo alijibu, "Ameenda kutembea."

Deqa alirudi na hamu ya kumfundisha. "Kaka Jillo, keti nikuonyeshe. Kuna diski mbili zinafanana, lakini..."

"Nilifungua kompyuta wewe ukiwa shule," Jillo alimkatiza. "Hiyo najua."

Hakujua. Punde si punde alitumwa peke yake kubadilisha diski kwenye zahanati moja huko Burat. Diski iliingia vizuri, skrubu ikakazika, lakini kompyuta haikuiona. Akaitoa, akairudisha. Wagonjwa walijaa kwa benchi.

"Mashine imekufa," alimwambia muuguzi, Akiru.

"Imekufa vipi na asubuhi iliwaka? Si umpigie yule dada mnayefanya kazi naye?"

Maneno hayo yalimchoma. Alitoka, akazunguka jengo, akarudi mlangoni, akatoka tena. Mwishowe akapiga.

"Angalia meno ya diski," Deqa alisema. "Iko na mkato mmoja ama miwili?"

"Miwili."

"Basi hiyo ni ya SATA, ile lugha ya zamani. Inaingia, lakini hapo panaelewa NVMe peke yake. Nakuletea ingine."

Deqa alikuja na bodaboda, na diski aliyoleta ikaonekana mara moja. Hakumcheka wala hakumwambia Kirigia, na wema huo ulimuuma Jillo kuliko kicheko.

Kesho yake alivuta kiti kando ya Deqa. "Nionyeshe tangu mwanzo."

Alijifunza vizuri, na sasa Kirigia humtuma yeyote kati yao. Lakini mwezi uliopita Deqa aliitwa Nairobi, safari hii awafundishe wengine. Jillo alimbebea begi hadi stendi, akampungia mkono kama kaka.

Jioni hiyo mkewe, Abiba, aliona sahani haijaguswa.

"Ni nini, Jillo?"

"Sina njaa," alisema, akageukia ukuta.