Dakika Moja ya Siki

Pale Kenyatta Market kichwa kimoja husukwa na watu wawili, kila mmoja na upande wake, ili mteja asizeekee kitini. Nzula alishika kulia, Syokimau kushoto, miaka tisa. Kwa hiyo Syokimau alipoanza kutokwa na damu nje ya siku zake, wa kwanza kuambiwa alikuwa Nzula. Naye akajibu bila kuinua macho kwenye nywele: ni hiyo sindano ya kupanga uzazi, itakoma. Sokoni kila damu ilisingiziwa sindano. Haikukoma. Daktari alipoitaja kansa ya mlango wa kizazi, ilikuwa imeshaenea. Wakamzika Machakos mwaka wa 2005.

Tangu hapo Nzula anasuka peke yake, na mdomo haufungi. Mteja akishakaa hana pa kukimbilia: ataambiwa habari za damu isiyo na mpango, na za kipimo cha siki kinachoonyesha doa kwenye mlango wa kizazi kabla halijageuka kansa. Wengi wamekwenda. Ila akifika katikati ya kichwa, mikono husimama yenyewe, kama inamngoja mtu. Wateja hudhani anapumzika.

Ijumaa moja ya 2008, mteja mmoja, Wangu wa Kangemi, aliyekuwa amepimwa wiki hiyo, alimwacha amalize mahubiri yake.

"Na wewe, Mama Kitavi, ulipimwa lini?"

Nzula akasema kazi zimembana.

"Kazi gani? Miaka mitatu unatupandisha kitandani sisi, wewe umebaki umesimama mlangoni."

Wasusi wakacheka. Nzula hakucheka. Hakuogopa kukutwa mgonjwa. Aliogopa kuambiwa ni mzima, kisha arudi nyumbani na uzima wake, yeye aliyesema itakoma.

Jumatatu alikwenda kliniki. Muuguzi, binti wa rika la mwanawe Kitavi, akapaka siki, akasema wangoje dakika moja. Nzula akasikia sauti ya Syokimau ikimuuliza, polepole, kama zamani: sasa hii damu ni ya nini?

"Kuna doa dogo jeupe," muuguzi akasema. "Si kansa. Tutaligandisha kwa baridi leo leo, liishe. Umekuja mapema, mama."

Nzula akaanza kulia. Binti akamwambia asiogope, haiumi sana. Nzula akatikisa kichwa, akamwomba alitaje tena lile neno, mapema, na lilipotajwa akazidi kulia.