Nguzo ya Tatu

Katika kijiji cha kina Leulua, kusini mwa kisiwa cha Savaii, nyumba ya mikutano haina kuta. Ina nguzo, na kila mkuu wa ukoo ana yake ya kuegemea. Za katikati ni za wakubwa. Kadiri unavyosogea pembeni, ndivyo kikombe cha kava, kile kinywaji cha mizizi cha heshima, kinavyokuchelewea na nyama inavyokupungukia. Leulua, shemasi mwenye sauti nene, alirithi nguzo ya tatu, na maisha yake yote ameitazama ya kwanza kama mgonjwa wa sukari anavyotazama keki.

Jumapili moja mchungaji Elisara akahubiri ule mfano wa karamu: ukialikwa, usikimbilie mahali pa mbele; kaa nyuma, mwenyeji aje akuambie, rafiki, njoo huku juu. Leulua alitoka kanisani kachangamka. Kumbe Yesu aliyajua mambo ya nguzo.

"Mama Tavita, umesikia?" alimwambia mkewe, Sieni, aliyekuwa akimenya magimbi. "Njia imeonyeshwa."

"Ya kwenda wapi?"

"Nguzo ya kwanza. Unakaa nyuma, unaitwa mbele, watu wote wakikuona."

"Mie nilisikia watu wanaambiwa waache majivuno."

"Hayo ni ya Wazungu. Wale wanakaa popote. Sisi ndio tunaoyaelewa Maandiko haya."

"Na usipoitwa?"

"Imeandikwa, mwanamke."

Haikupita wiki, mkuu wa kanisa akaja kutoka mjini Apia, kijiji kikamwandalia karamu. Leulua aliwahi, akaenda moja kwa moja nyuma, wanakokaa vijana wa kupika. Akakuta wazee wawili wameshajibanza hapo. Nao Jumapili walikuwepo kanisani.

"Mzee mwenzangu, hapa si pako," alimnong'oneza wa karibu. "Nguzo yako ile pale."

"Na yako ile. Nenda."

"Mimi najinyenyekeza."

"Nimeanza mimi kujinyenyekeza. Sogea."

Wakasukumana kwa viwiko mpaka Leulua akajipatia ukingo wa mkeka wa mwisho kabisa, nusu ya makalio nje, moshi wa jikoni ukimpiga mgongoni. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, jicho moja akiliacha kwa Pulotu.

Pulotu alikuwa msemaji wa kijiji, na kazi ya kuwakaribisha watu ilikuwa yake. Aliziona nguzo tatu tupu, akawaona na wenyewe walivyosongamana nyuma kama kuku kwenye tenga. Akaelewa upesi.

"Mgeni wetu," alisema kwa ile lugha ya heshima, "tumshukuru Mungu. Wazee wetu wameushinda ukubwa. Mimi ni nani niwaondoe mahali walipopachagua?"

Kisha akamgeukia dereva wa mgeni, kijana wa mjini aliyesimama ukingoni asijue pa kuketi.

"Rafiki, njoo huku juu."

Dereva akaja, akaegemea nguzo ya Leulua.

Kava ilipita, ikamfikia Leulua ikiwa machicha. Nguruwe akagawanywa kwa utaratibu wake: mgongo kwa wakubwa, paja kwa dereva, na kichwa, kama ilivyo desturi, kwa vijana wa kupika. Sahani ikatua mbele ya shemasi.

"Mzee, utachukua sikio au pua?" kijana mmoja alimwuliza kwa adabu zote.

Leulua akachukua sikio, akalitafuna bila kumtazama mtu.

Jioni alimfuata mchungaji nyumbani kwake.

"Nimefanya kama ulivyohubiri. Sikuitwa."

"Shemasi, thawabu yake ni siku ya ufufuo."

"Hukusema hivyo Jumapili. Na wewe mbona hukukaa nyuma?"

Mchungaji alijifuta mafuta mdomoni polepole.

"Mimi pale nimewekwa na desturi yenu," alisema. "Nani anayeweza kudharau desturi ya watu?"

Kwenye mkutano uliofuata wazee wote watatu walifika kabla ya jua kuchomoza vizuri, kila mmoja kaikumbatia nguzo yake. Mfano wa karamu haujahubiriwa tena kijijini hapo. Jumapili iliyofuata Elisara alichagua habari za safina ya Nuhu, watu wakaridhika. Leulua aliinua mkono katikati ya mahubiri, akaomba afafanuliwe: mle ndani, wale wana watatu wa Nuhu, nani aliketi wapi?