Mikono Iliyozoea Maharage

Juzi, kwenye duka moja la dawa Kasulu mjini, mama mmoja wa Makere alipewa bahasha ya vidonge vya presha, lakini hakuondoka. Alitandika kitenge kwenye benchi nililokalia, akavimwaga vyote, akaanza kuvipitia kwa kidole, polepole, kama anayechagua maharage ya mbegu.

"Mama, dawa hizo zote ni aina moja," muuzaji alisema kutoka dirishani.

"Nimeuza debe zima la maharage kupata hizi, mwanangu. Acha nizione."

Kidole kilikwenda, kikarudi. Vidonge vitatu vikasogezwa pembeni. Kwa macho yangu, tena nikiwa na miwani, vilikuwa vyeupe na vya duara kama vingine vyote.

"Hizi tatu si za kopo moja na hizi," alisema. "Kingo zake ni kali."

Muuzaji alivichukua akitabasamu, akaenda kuvilinganisha. Aliporudi hakuwa na tabasamu. Vilikuwa vya kisukari, vya mteja aliyetangulia, vimebaki kwenye sahani ya kuhesabia.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ndogo, akambadilishia.

Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma na kuandika nilikuwa nimeshameza palepale vidonge viwili kati ya nilivyopewa, bila hata kuvitazama. Nikamnyooshea bahasha yangu.

"Naomba uniangalizie na hizi, mama."

Alizimwaga kwenye kitenge, akanitazama. "Hizi ni za nini?"

Sikuwa nimeuliza.