Aliyekula Kabla ya Kufika Ziwa Alice

Naliaka alisema uongo mmoja tu, tena mdogo, ili apate nafasi kwenye gari la kwenda Mlima Kenya. Alimwambia Kagwe, kiongozi wa maombi wa kanisa lao pale Ngoingwa, kwamba ameshamwachisha mtoto kunyonya. Kagwe alikuwa ametangaza kwamba watapanda mpaka Ziwa Alice wakiwa wamefunga, hakuna kutia kitu mdomoni mpaka waombe kule juu, na akina mama wanaonyonyesha wabaki nyumbani, wataombewa. Naliaka hakutaka kuombewa. Miaka mitatu alikuwa anamenya mananasi kiwandani kama kibarua, na mwezi huo walikuwa wanachagua watu wa kuandikwa kazi kabisa. Hilo alitaka kumwambia Mungu kule juu kwa mdomo wake mwenyewe.

Mtoto wake, Mitchell wa miezi saba, akamwachia jirani, Akello, pamoja na chupa.

Walianza mapema asubuhi. Kwenye mianzi alitembea vizuri. Msitu ulipoisha, njia ikasimama wima, tope na mawe, na pumzi kila akiivuta haitoshi. Maziwa yalikuwa yamejaa, kifua kinamuuma. Nyuma yake alimwona Rachael, muuza mitumba wa Thika anayekaa naye benchi moja kanisani, ameanza kuyumba. Naliaka akasema anaenda kujisaidia. Nyuma ya jiwe akatoa viazi vitamu viwili vya kuchemsha alivyovificha ndani ya soksi, akavimeza karibu bila kutafuna, akajipangusa mdomo.

Akarudi na nguvu. Hiyo ndiyo ilimwaibisha kwanza, vile nguvu zilikuja haraka.

Mbele kidogo Rachael akaanguka kwenye nyasi, midomo imepauka.

"Ngai, Rachael! Ni chapati za jana unafikiria?" mmoja wa wenzao akamtania, wakacheka.

"Muangalie Naliaka," Kagwe akasema. "Ameacha kunyonyesha juzi tu, na anapanda kama mbuzi. Hiyo ndiyo imani. Wewe dada, omba uongezewe."

Rachael akainamisha kichwa. "Ni ukweli. Yangu ni kidogo."

Naliaka alitaka kusema hapo hapo. Badala yake akamshika Rachael mkono, wakapanda polepole, na kila hatua Rachael anamwambia asante, mpaka akatamani anyamaze.

Ziwa likatokea ghafla, jeusi, limetulia katikati ya miamba. Watu wakapiga magoti.

"Naliaka, tuanze na ushuhuda wako," Kagwe akasema.

Akasimama. Maneno ya kiwanda alikuwa nayo yote tayari.

"Nilikula," akasema. "Viazi, kule nyuma ya jiwe. Na mtoto bado ananyonya. Rachael ndiye alifunga, si mimi."

Kagwe akatazama maji. "Sasa si ungebaki tu nyumbani, mama?"

Rachael ndiye aliyegeuka polepole. "Naliaka. Ulikula peke yako? Na ulikuwa unaona vile naisha?"

Naliaka akaenda kando, akawapa wote mgongo, akakamua maziwa kwenye nyasi. Wenzake wakaanza kuomba kwa sauti, kila mtu shida yake. Yeye ya kwake, ile ya kiwanda, haikutoka.