Tovuti ya Tusekile na picha ya mume aliyekwenda Kasumbalesa

Saa kumi na mbili asubuhi Tunduma bado ina ubaridi wa kufanya vidole viwe vigumu, na Tusekile Mbonile amelala chali chini ya tela la lori. Kwa kipande cha bati anakwangua tope lililoganda kwenye chasisi, lile tope jekundu la barabara za Kongo. Tope linamdondokea kifuani. Anajifuta kwa kiwiko na kuendelea.

Dereva amekaa kwenye tairi kuukuu, anakunywa chai. Ndiye mteja wa kwanza, na huenda akawa wa mwisho kwa leo.

"Zamani nilikuwa nawaambia wasubiri," anasema Tusekile akitoka chini ya tela. "Siku hizi mimi ndiye ninayesubiri."

Ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Ileje, akaolewa Mbozi kwenye familia ya wakulima wa kahawa, kisha yeye na mumewe, Shadrack, wakahamia Tunduma wakiwa na pampu moja na mpira wa maji. Walikodi uwanja kando ya barabara kuu, palepale foleni ya malori ya mpakani ilipokuwa ikisimama. Madereva walipaita "kwa Shadrack". Lori likikwama kwenye foleni, dereva alikuwa anaona heri lioshwe.

Halafu utaratibu wa mpakani ukabadilika na foleni ikawa haifiki tena mbele ya uwanja wao. Siku waliyokuwa wakiosha malori sita ikawa siku ya lori moja. Shadrack akaamua kutafuta kazi ya utingo. Akapanda lori la kwenda Kongo, akimwacha mkewe na binti yao, Lusubilo, aliyekuwa darasa la pili.

Alipiga simu mara moja, kutoka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia na Kongo. Alisema foleni ni ndefu na kichwa kinamuuma. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Tusekile alikwenda polisi. Aliuliza kwa mwenye lori, akaambiwa kwamba utingo aliteremka njiani na hakurudi. Aliuliza madereva kila walipomletea gari, mpaka wengine wakaanza kumkwepa.

"Kuna mmoja aliniambia, 'Mama, huyo ameshapata mwanamke wa Lubumbashi, lea mtoto wako,'" anasimulia. "Nilimwoshea gari lake, nikamrudishia chenji yake."

Mwaka uliofuata uwanja wa barabarani ulichukuliwa ili kupisha upanuzi. Akahamishia pampu kata ya Chapwa, nyuma ya nyumba aliyopanga, mahali ambapo lori haliwezi kufika mpaka liwe limeelekezwa. Wateja wengi hawakujua alikokwenda. Lakini alikuwa anamwaza mtu mmoja tu.

"Nilisema, huyu mtu akirudi atakuta uwanja mtupu. Na namba yangu ya zamani ilishafungwa."

Ndipo alipokwenda kwa Jenista Kasiani, mwenye duka la steshenari karibu na stendi. Jenista hutoa fotokopi, hujaza fomu za watu mtandaoni, na amejifundisha kutengeneza tovuti. Wateja wake ni wenye gereji, wauza mchele wa Kamsamba na mafundi cherehani, watu ambao wakiambiwa bei za makampuni huondoka bila hata kuaga. Yeye hutengeneza ukurasa mmoja: jina la biashara, kazi inayofanyika, bei, ramani ya kufikia na sehemu ya kuandika ujumbe. Kwa Tusekile alitoza shilingi laki moja na nusu pamoja na jina la tovuti la mwaka mzima, akakubali kulipwa kidogokidogo.

"Nilimwambia, Mama Lusubilo, tupige picha lori likiwa limeshaoshwa, linang'aa," anakumbuka Jenista. "Yeye akatoa picha ya mumewe kwenye pindo la kanga. Anasema hii ndiyo itangulie."

Katika picha hiyo Shadrack amesimama juu ya bampa, ameshika mpira wa maji, anacheka na kumwangalia mtu ambaye haonekani.

"Nikamwambia mteja anatafuta maji na sabuni, dada yangu, hatafuti sura ya mtu. Akaniuliza, 'Kwani hela ninayokulipa ni ya nani?' Nikaiweka."

Leo Tusekile hafichi. "Biashara ilikuwa neno la kusema mbele za watu. Mimi nilitaka aonekane."

Tovuti haikuleta neema. Miezi ikapita, wakaja madereva wachache waliofuata ramani, na mmoja alipotea akaishia kwenye shamba la mahindi la watu. Ujumbe mwingi ulikuwa wa kuuliza kama bei inapungua. Kwa kuwa Tusekile ana simu ya kitochi, ujumbe ulikuwa ukiingia kwenye simu ya Jenista, naye alimpigia kumpa habari.

Siku moja mwezi Machi Jenista hakupiga. Alifunga duka mchana, akatembea mpaka Chapwa.

Alimkuta Tusekile amepanda juu ya tairi la mbele, anasugua kioo.

"Mama Lusubilo, umeshakula?"

"Bado. Kuna nini?"

"Teremka kwanza, ule."

"Jenista, sema."

Jenista akamsomea akiwa amesimama palepale chini. Ujumbe ulitoka kwa dereva wa Zambia aitwaye Watson, mkazi wa Kapiri Mposhi. Alikuwa anatafuta mahali pa kuoshea lori Tunduma, akafungua tovuti, akaiona picha. Aliandika kwa Kiswahili cha barabarani, akimwita Bamayo, yaani mama kwa Kibemba: "Bamayo, huyu mwanaume namjua. Ni Shadi wa Tunduma. Aliugua homa kwenye foleni Kasumbalesa, akafa. Simu yake iliibiwa. Sisi madereva na watu wa kanisa tulimzika. Nilikuja kwenu kuwaambia, nikakuta pale barabarani pamebomolewa. Nisamehe."

Tusekile hakulia. Aliomba asomewe tena. Kisha akageukia kioo.

"Nilimaliza lile lori," anasema. "Mwenyewe alikuwa anasubiri kuondoka."

Jioni hiyo alizungumza na Watson kwa simu ya Jenista. Watson alieleza, kama alivyosimuliwa na wenzake, kwamba Shadrack aliteremka kwenye lori akiwa na homa, akazidiwa siku ya pili, akafikishwa zahanati akiwa hajitambui, na hakuwa na kitambulisho. Kaburi lina msalaba wa mbao ulioandikwa jina moja tu.

"Nilimuuliza kitu kimoja," anasema Tusekile. "Nilimuuliza, mlimwosha? Akasema yeye alifika kwenye kuzika tu, hajui. Akasema, 'Bamayo, sijui.' Hilo ndilo linaloniamsha usiku."

Kwa kina Shadrack, Mbozi, mama mkwe wake, Bibi Priska, alikuwa amekataa kwa muda wote huo matanga yasiyo na maiti. Ndugu walimlaumu kwamba anamfungia mkwe wake maisha. Tusekile alipokwenda kumweleza, alimkuta anapalilia kahawa.

"Nilipiga magoti, nikasema, mama, tumempata. Akaniuliza, 'Anakuja lini?'" anasema Tusekile. "Ilibidi nianze upya kumweleza."

Matanga yalifanyika. Lusubilo, ambaye sasa yuko darasa la sita, alivaa gauni jeusi la kuazima. Siku ya tatu Tusekile alirudi Chapwa, kwa sababu pampu isipofanya kazi, kodi ya nyumba hailipiki.

Sasa anafuatilia hati za kusafiria, yake na ya Bibi Priska. Watson ameahidi kuwapokea Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, na kuwafikisha mpaka kaburini. Wanangoja mguu wa bibi, aliouumiza shambani, upone na mavuno yaingie ndani. Wanataka kumwekea saruji na jina kamili.

Jenista alimuuliza kama aiondoe picha, sasa aweke ya lori. Tusekile alikubali iondolewe. Lakini wiki iliyopita alifika mwanamke mmoja kutoka Kamsamba, Rozi, aliyesikia habari hizi sokoni. Mdogo wake, Osward, alipanda lori la kwenda Kongo mwaka jana, na hajulikani alipo. Rozi alikuwa na picha yake ndogo ya pasipoti iliyokunjika katikati. Alitaka kujua gharama ya kuiweka kwenye tovuti.

Tusekile alimwambia akae, akampa uji. Kisha wakaenda pamoja dukani kwa Jenista.

"Weka bei zangu chini ya ukurasa," alimwambia Jenista, akimkabidhi picha ya Osward. "Huyu akae juu."