Salamu Katikati ya Kilima cha Mwanga

Mbio ndefu za mji wetu zilikuwapo kabla sijazaliwa, na hadi leo kinachowashinda watu ni kile kilima cha kutoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga. Hapo hata wenye mbwembwe za Ujiji hugeuka ghafla kuwa watu wa kutafakari.

Miaka ile wakimbizi walipojaa mjini, kaka yangu aliazimia kushinda mbio hizo. Aliazimia pia kuoa, na mambo hayo mawili hayakupatana: baba wa binti, mzee wa Katubuka, alikuwa ametamka kwamba hatamwoza bintiye kwa mwanamume anayekatiza mjini mapaja nje. Kaka alijipa moyo kwamba asubuhi hiyo mzee angekuwa Kibirizi akinunua dagaa.

Mimi nilisimama kilimani na ndoo ya maji. Kaka alitokea akiongoza, bega kwa bega na mwalimu kutoka Burundi, mkimbizi aliyepanga chumba cha uani kwetu. Pembeni yangu, na kapu la dagaa mkononi, alikuwa amesimama yule mzee wa Katubuka.

Kwetu mkwe hapitwi mbio. Kaka alisimama, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu na kutoa shikamoo kwa pumzi iliyosalia. Mzee aliitikia, kisha akamuulizia mama, bibi, mihogo, na mbuzi wetu karibu mmoja mmoja. Mwalimu, aliyelelewa vivyo hivyo ng'ambo ya mpaka, alichuchumaa nyuma yake kusubiri zamu. Wakimbiaji walitupita, wengine wakitembea.

Kaka alimtazama mzee, asiweze kusema lililomjaa, maana posa husemwa na mshenga. Mwalimu akalielewa hilo.

"Mzee," alisema, "huyu ana neno kwako, ila si adabu aliseme mwenyewe. Nimetumwa mimi."

"Umetumwa lini?"

"Sasa hivi, hapa tulipochuchumaa."

Mzee aliyatazama mapaja yao yaliyokuwa nje, akakohoa kuficha kitu kilichofanana sana na kicheko.

"Posa hailetwi barabarani. Njooni nyumbani Jumapili, mkiwa mmevaa."

Walifika mwisho utepe umeshakunjwa. Mama alipomuuliza kaka ameshika nafasi ya ngapi, alijibu kwamba Jumapili zitahitajika suruali mbili, kwani ile ya heshima ya mwalimu ilibaki Burundi.