Joto la Jioni Shituru

Bomba la kiwanda lilipoacha kutoa moshi, majirani zangu katika kambi ya wafanyakazi, hapa Shituru, walianika mashuka meupe bila kutazama upepo. Mimi sikufurahi. Kitu kizuri kikija bure, nakigeuza kwanza nione chini yake kuna nini.

Mume wangu alikuwa mchochea moto wa boila ya makaa ya mawe, ile iliyotoa mvuke wa kupasha joto matangi ya kusafishia shaba. Ikaletwa boila ya umeme. Akapelekwa mafunzoni, akarudi na ovaroli safi na ukimya nisioujua. Nikimuuliza habari za kazi, alisema siku hizi ni kubonyeza tu.

Mwezi uleule umeme wa kambi ulianza kukatika jioni. Jioni ndipo naoka. Nina tanuri la umeme, na mikate yangu inanywewa chai kila asubuhi na ndiyo inayosomesha watoto wetu. Sasa ilizimikiwa katikati, ikanywea. Nikahamia kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Ikaungua chini, juu mibichi, nami kifua kikaanza kunibana. Moshi wa kiwanda ulikuwa umehamia jikoni kwangu, ila hakuna aliyekuja kuupiga picha kama walivyoupiga ule wa bomba.

Majirani walisema wezi wamefyonza mafuta ya transfoma. Tukachangishana kumwita fundi. Mume wangu alichanga wa kwanza, tena bila kunung'unika, yeye ambaye hununa hata nikinunua chumvi. Hilo lilinikaa moyoni. Fundi akapanda, akashuka, akasema transfoma ni nzima na mafuta yamejaa.

Kisha kiwanda kilisimama ili matangi yatengenezwe, mume wangu akawa anashinda nyumbani. Umeme haukukatika hata jioni moja. Mikate iliumuka vizuri, na jirani mmoja akatoa ushuhuda kanisani kwamba maombi yamejibiwa. Mume wangu aliila mikate ile ameinamisha kichwa.

Kazi iliporudi, giza nalo likarudi. Siku ya pili nilimkuta mlangoni akivaa viatu vya zamu. Nilimuuliza polepole juu ya umeme.

"Ile courant ya kwetu, njo ile munachemushia maji kule?"

Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena.

"Njo ile. Haitoshe kwa wote. Miye napigaka simu ku kabini ya courant, bakate camp. Kisha naweka boila."

"Ni weye?"

"Nikikatala, batatia muntu mwingine."

Nilimwambia aende, asichelewe. Akaenda. Nikapanga mikate yote tanurini, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake nikingoja afike kazini.

Umeme ukakatika.